Chombo cha Kuazima
Hotuba juu ya wema kwa jirani, iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Buwenge



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, yafaa hotuba hii ianze na kitu kidogo kabisa, nacho ni sufuria. Katika Kurani Tukufu mna sura fupi, ya 107, yenye aya saba tu, ambayo watoto wa madrasa huihifadhi kabla hawajajua kusoma vyema. Jina lake ni Al-Maun. Wafasiri wengi wasema kwamba neno hilo maana yake ni vile vitu vidogo vidogo ambavyo majirani huazimana: ndoo, shoka, chungu, chumvi ya kutilia mchuzi. Ajabu ya sura hiyo ni kwamba yawataja mahali pamoja mtu amfukuzaye yatima, mtu asaliye huku moyo wake uko mbali na sala, na mtu amnyimaye jirani yake chombo. Mtu angedhani kwamba makosa ya namna hii hayalingani hata kidogo. Kumbe aliyemnyima mwenziwe sufuria amewekwa katika safu moja na aliyemsukuma mtoto asiye na baba.

Jambo hili lataka kufikiriwa, kwani aghalabu watu hudhani kwamba wema ni shughuli ya matajiri. Akitajwa mtu mwema, hutajwa aliyejenga msikiti, au aliyechimba kisima na jina lake likaandikwa juu ya ubao. Wema wa namna hiyo una thawabu yake, na hapana anayeudharau. Walakini hutokea mara moja katika miaka mingi, nayo sufuria huombwa kila juma. Na katika mji kama Buwenge, ulio juu ya njia itokayo Jinja kwenda Kamuli, ni hiyo sufuria inayoonyesha watu wanaishije.

Hapana haja ya kuwaeleza wenyeji hali ya Kagoma, bali wageni waliokuja leo yafaa waambiwe. Katika nyumba moja ya Kisoga aweza kukutwa babu Mwislamu, bibi Mprotestanti, mjomba Mkatoliki, na kijana aliyeokoka mwaka jana. Kwa hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 2014, Waislamu walikuwa asilimia 13.7 ya watu wote wa Uganda, yaani hawakufika mtu mmoja katika kila saba. Kwa hiyo Mwislamu wa nchi hii hawezi kuishi miongoni mwa Waislamu peke yao hata akitaka. Jirani yake wa kulia ni wa dini nyingine, na yule wa kushoto, ijapokuwa ni Mwislamu, huenda asali katika msikiti mwingine.

Katika hali hiyo, watu wa Busoga wamejifunza adabu ambazo hazikuandikwa katika kitabu chochote. Mathalan, siku ya Krismasi au ya arusi, Mkristo mwenye kuku au mbuzi wa karamu humtuma mtoto kwenda kumwita Mwislamu aje amchinjie. Kuku ni wake, kisu ni chake, na dini yake haimlazimishi jambo hilo. Hufanya hivyo ili jirani yake asikae karamuni mikono mitupu. Desturi hiyo imeenea Uganda nzima, na imezoeleka hata Waislamu wenyewe waona kuwa ni haki yao, wala hawaihesabu tena kuwa ni hisani. Lakini ni hisani, tena kubwa. Yule mtu amewaza, kabla ya kuwasha moto, ni nani hataweza kula; na pengine hapana tafsiri ya huruma iliyo nzuri kuliko hiyo.

Kadhalika katika msiba. Akifa mtu, wachimba kaburi hawaulizani dini. Mchango wa rambirambi uitwao mabugo, ambao zamani ulikuwa nguo za magome ya mti za kumzikia maiti na leo ni fedha, hutolewa na kila aingiaye. Mazishi ya Kiislamu hayangoji, na mara nyingi mtu aliyefariki alfajiri huwa amekwisha kuzikwa kabla ya magharibi; hata hivyo majirani Wakristo huacha mashamba yao siku hiyo hiyo wakaja.

Hata hivyo ingekuwa uwongo kusema kwamba mambo yamekuwa hivyo siku zote. Nchi hii imeona ukali mwingi, na ukali huo haukuletwa wote na watu wa mbali. Tarehe 4 Agosti 1972 Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, nao wakapewa siku 90. Jinja ulikuwa mji wenye Wahindi wengi sana. Hata leo majina yao na miaka waliyojenga vingali vyasomeka juu ya kuta za maduka ya mjini. Katika waliofukuzwa walikuwamo Waislamu, Maismailia na Mabohora na Masuni. Sijida yao na ya Waafrika ilielekea kibla kimoja, na hilo halikuwasaidia. Wako watu waliowalilia wenzao, na wako waliohesabu siku ili wapate kitanda na cherehani kwa bei ya bure. Aliyepata kitanda hicho aliona ni bahati. Miaka saba haikupita, Amin akaanguka mwaka 1979, na zamu ya kuhesabiwa siku ikawafikia wengine. Huko Ankole Waislamu waliuawa mwaka huo kwa sababu tu mtawala aliyeondoka alikuwa wa dini yao, ingawa wengi wao hawakupata kwake hata sindano. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Labda ingefaa zaidi mtu auzuie ule wembe ulipokuwa ungali juu ya kichwa cha mwenziwe.

Hapo ndipo inapofaa kutazama upande wa Mbale, kwani yapo mambo yaliyotendeka huko ambayo Waislamu wa Busoga wapaswa kuyajua zaidi kuliko wayajuavyo.

Karibu na mji wa Mbale, katika vilima vya chini ya Mlima Elgon, wakaa watu waitwao Abayudaya, yaani Mayahudi wa Uganda. Dini yao haikuletwa na wageni. Ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, yule jemadari Mganda aliyewatumikia Waingereza katika kuziteka nchi za mashariki, kisha akakosana nao. Alisoma Biblia mwenyewe, akashika Agano la Kale, akatahiri na kutahirishwa wanawe, akafariki mwaka 1928 akiwaacha wafuasi wake wakiendelea. Majirani zao walikuwa Waislamu na Wakristo wa kabila moja nao, wakilima kahawa ile ile na migomba ile ile. Katika zama za Amin dini yao ilipigwa marufuku, nyumba zao za sala zikafungwa, na wengi wakaiacha, hawa wakasilimu na hawa wakabatizwa. Waliobaki walisali kwa siri. Ni dhahiri kwamba mtu wa jamii hiyo angekuwa na sababu ya kumtazama jirani yake Mwislamu kwa jicho la mashaka, hata kama jirani huyo hakumtendea neno.

Mmoja wa viongozi wao, mkulima na mwimbaji aitwaye J. J. Keki, alikuwako katika mji wa New York tarehe 11 Septemba 2001, siku ile majumba mawili marefu yalipoangushwa na watu waliodai kuitumikia dini. Alirudi kwao na fikira moja: kwamba ikiwa dini yaweza kutumiwa kuua namna ile, basi watu wa dini mbalimbali sharti wawe na kazi moja ya kufanya pamoja. Akaenda nyumba kwa nyumba kwa majirani zake, Waislamu na Wakristo na Mayahudi, akiwataka waungane kuuza kahawa yao. Mwaka 2004 chama cha ushirika kikaundwa, kikaitwa Mirembe Kawomera, maneno ya Kiganda yenye maana ya amani tamu. Uongozi ukagawanywa baina ya watu wa dini zote tatu.

Yafaa ieleweke kwa nini ilikuwa kahawa, na si mikutano ya maneno. Kabla ya hapo kila mkulima alikuwa akiuza peke yake kwa mchuuzi apitaye na lori, na mchuuzi ndiye aliyetaja bei. Mtu mwenye debe mbili za buni hana nguvu ya kubishana. Lakini kahawa ya vilima vya Elgon, ile iitwayo arabika, ina bei nzuri ikitengenezwa vyema, nayo kazi yake ni ya uangalifu mwingi: yachumwa ikiwa nyekundu tu, yamenywa siku hiyo hiyo, yalowekwa hata ule utelezi utoke, yaoshwa kwa maji safi, kisha yaanikwa juu ya vichanja na kugeuzwa geuzwa mpaka ikauke sawasawa. Mkulima mmoja akichanganya mbichi na mbivu, au akianika chini juu ya udongo, aharibu gunia zima. Na gunia zima ni la watu wote. Ndani yake buni ya Hajji imechanganyika na buni ya mzee wa kanisa na ya Myahudi, wala hapana mnunuzi awezaye kuzitenga. Basi Mwislamu akalazimika kuitunza kahawa ya Myahudi kama yake, na Myahudi ya Mkristo, si kwa sababu mioyo ilikuwa imekwisha kuwa safi, bali kwa sababu bei ilikuwa moja. Mioyo ilikuja nyuma. Kampuni moja ya kahawa ya California, Thanksgiving Coffee, ikawa mnunuzi wao, na mamia ya wakulima wakajiunga. Wakatunga na nyimbo juu ya kahawa na juu ya umoja wao, ambazo mwaka 2013 zilitolewa huko Marekani na Smithsonian Folkways.

Pengine yuko atakayesema kwamba huo ni wema wa faida, na wema wa faida hauna thawabu. Neno hilo lina ukweli kidogo, lakini limesemwa upesi mno. Kuna nini kibaya ikiwa watu waliogombana wapata sababu ya kuketi juu ya mkeka mmoja? Wengi waliokuja kwa sababu ya bei wamezikana, wamealikana katika sikukuu, na watoto wao wamecheza pamoja. Iliyo mbaya ni ile hali ya watu wanaohubiri upendo kila juma na hawana hata gunia moja la pamoja.

Katika mji huo huo wa Mbale Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa mwaka 1988, nacho tangu mwanzo kimepokea na wanafunzi wasio Waislamu. Hilo latajwa kwa ufupi tu; wanaokijua chuo hicho wako hapa ukumbini.

Sasa yabaki jambo lililo gumu zaidi, nalo ni Waislamu kwa Waislamu. Ni jambo la kusikitisha kwamba ni rahisi zaidi kwa Mwislamu wa Uganda kumhurumia Mkristo kuliko kumhurumia Mwislamu wa msikiti wa pili. Historia yake ni ndefu. Alipofariki Mwana wa Mfalme Nuhu Mbogo mwaka 1921, umoja aliokuwa ameushika kwa heshima yake ulianza kufumuka, na watu wakagawanyika juu ya swali la sala: je, aliyesali Ijumaa asali tena na Adhuhuri, au Ijumaa yatosha? Wakaitwa watu wa Juma na watu wa Juma-Zukuli, na swali la rakaa nne likaingia katika mashamba, katika arusi na katika urithi. Mwaka 1965 kikaanzishwa chama kingine, kile kilichojulikana kwa herufi NAAM, kikaungwa mkono na serikali ya Obote dhidi ya jamaa ya Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, na watu wakapigana misikitini. Mwaka 1972 likaundwa Baraza Kuu la Waislamu ili wote wawe chini ya paa moja. Paa likavuja. Mwaka 2009 upande wa Kibuli ukamtawaza Mufti wake mbali na yule wa Old Kampala. Si kazi ya hotuba hii kuamua nani alikuwa na haki. Wako wanachuoni wa kulifanya hilo, nao hawajalimaliza.

Iliyo kazi ya hotuba hii ni kuuliza jinsi ugomvi ulioanza Kampala ufikavyo mpaka uani kwa mjane wa Buwenge. Kwani hufika. Hufika siku ya msiba, watu wanapotazamana ili wajue ni imamu wa upande gani atakayesalisha jeneza, na maiti amelala angoja. Hufika katika nikaha, baba anapokataa posa ya kijana mwenye sala na kazi kwa sababu ya msikiti anaosalia. Wazee waliogombana juu ya Adhuhuri angalau waliijua fikihi ya ugomvi wao. Vijana wa leo wameurithi ugomvi bila fikihi yake, kama mtu aliyerithi deni na hakuachiwa hati.

Na wakati watu washughulikapo na hayo, ugumu wa maisha wawazunguka wote kwa usawa. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilianzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, na kwa muda mrefu miwa ilikaa karibu na kiwanda. Leo imeenea mpaka kwenye milango ya nyumba. Mtu mwenye shida ya ada ya shule au ya hospitali hukodisha shamba lake kwa mwenye miwa, akapokea fedha kwa mkupuo mmoja, na fedha hizo huisha kabla ya miwa kukomaa, kwani muwa wataka mwaka mmoja na nusu au karibu na hapo. Muda wote huo nyumba haina mahali pa kupanda viazi. Mke wake hununua sokoni kile ambacho mama yake alikuwa akikichimba nyuma ya jiko. Watu humcheka mtu wa namna hiyo, humwita mjinga. Kumcheka ni rahisi kwa asiyekuwa na mtoto mgonjwa usiku ule.

Katika jambo hili uko wema mmoja wa kale ambao umeanza kupotea, nao ni kupeana marando. Zamani mwanamke aliyetaka kupanda viazi vitamu alikwenda kwa jirani, akakata marando kadiri ya haja yake, akajitwika, akarudi. Hakulipa, wala hakuulizwa dini ya mume wake. Sasa katika sehemu nyingine marando huuzwa kwa fungu. Aliye na shamba la viazi na akampa jirani yake marando pamoja na pembe ndogo ya ardhi ya kupandia mpaka mkataba wa miwa uishe, huyo ametenda jambo ambalo jina lake halitaandikwa ukutani, na watoto wa nyumba ile watashiba.

Baada ya hayo yote, hotuba yarudi kwenye sufuria, maana si mfano tu. Jamaa nyingi za Waislamu, kama ilivyo hapa, hununua kwa michango yao masufuria makubwa, turubai, viti, mikeka na jeneza la kuchukulia maiti, na kila mwaka shauri huzuka: waazimwe nani? Husemwa kwamba asiyelipa ada asipewe. Husemwa kwamba wale wa msikiti wa pili wana fedha, wanunue vyao. Na juu ya Wakristo husemwa neno zito zaidi, kwamba huenda wakapika nguruwe ndani yake.

Neno la mwisho halifai kupuuzwa, kwani halali na haramu si mchezo. Walakini halikosi dawa. Jirani aliyemwita Mwislamu amchinjie kuku wake wa Krismasi, akiambiwa kwa upole kwamba chombo hiki hakipikiwi nguruwe, ataelewa na ataona haya kukiharibu. Na ikiwa pana shaka, mpishi wa jamaa aweza kwenda pamoja na sufuria, akapika na kula huko huko. Juu ya kutoboka na kupotea, fundi wa kuziba masufuria yupo, na kilichopotea hulipwa taratibu. Juu ya ada, ni kweli kwamba mwenye kulipa huumia akiona asiyelipa anahudumiwa. Lakini ada hudaiwa mkutanoni, kwa daftari, mtu akiwa mzima. Haidaiwi mlangoni pa nyumba yenye kilio. Na jeneza halina ada kabisa: aliyekufa hana mfuko.

Kwa hiyo lililowekwa mbele ya wanachama leo ni dogo. Daftari ya kuazima ibaki na safu nne: jina la mwombaji, chombo, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Ile safu ya tano iliyopendekezwa, ya msikiti na dini, isiandikwe. Ufunguo wa ghala nao usikae kwa katibu peke yake, ambaye nyumba yake iko mbali na hulala mapema. Uwepo wa pili kwa mama mmoja aliye karibu na barabara, ili mtu akijiwa na msiba saa nane za usiku apate wa kumwamsha.